Mbwa wa Uwanja Usio na Uzio

Alikuwako mtu mmoja aliyeishi kwenye miteremko ya Rungwe, na uwanja wake haukuwa na uzio. Jina lake Lutengano. Si kwamba alikosa miti ya kuuzungushia. Miti ilikuwapo tele. Lakini njia ya kwenda kwenye chemchemi ilipita katikati ya uwanja huo, na baba yake, alipokuwa karibu kukata roho, aliwausia wanawe wawili kwamba njia ya maji isizibwe kamwe. Awe rafiki au awe adui, kila mwenye ndoo apite. Baba akafa, wana wakalishika neno lake. Kwa hiyo asubuhi na jioni watu walipita na ndoo zao mbele ya mlango wa Lutengano, wakamsalimu, wakaenda zao. Na upande wa chini wa uwanja, si mbali na jiko, ilipita barabara ya malori yanayobeba majani ya chai.

Barabara hiyo ilimuulia Lutengano mbwa wake wa kwanza. Alikuwa mbwa mpole aliyependa kufuata kila kinachopita. Siku moja alifuata mbuzi, lori likatokeza kwenye kona, na dereva hakupata nafasi hata ya kupiga honi. Lutengano alimzika nyuma ya migomba. Hakulia mbele ya watu, ila mkewe Tusekile alimwona akirudi na jembe begani, akaupita mlango wa nyumba yake mwenyewe kama mtu asiyeufahamu.

Mwaka uleule mbwa jike wa jirani alizaa, na wale ndugu wawili wakapewa mtoto mmoja mmoja. Dume mwekundu alikwenda kwa Lutengano. Dume mweusi alikwenda kwa mdogo wake, Gwamaka, ambaye nyumba yake ilikuwa juu kidogo, ng'ambo ya njia ya maji. Wenyeji walitania kwamba sasa pale pana ndugu wa tumbo moja mara mbili, watu kwa mbwa.

Gwamaka hakupoteza muda. Alitafuta mnyororo, akamfunga wa kwake chini ya mparachichi, akamwita Askari. Askari akakua mkali kama pilipili. Waliokwenda majini walipita pale mbio, ndoo zikimwagika, na Gwamaka alifurahi kuwaona wakikimbia. Alipoona wa kaka yake bado anazurura uwanjani bila hata kamba shingoni, alimwonya.

"Kaka, mbwa ni mnyororo," alimwambia. "Ukimwacha hivi, utashika tena lile jembe."

Maneno hayo yalimchoma Lutengano, kwa sababu yalikuwa na ukweli ndani yake. Aliyabeba kutwa nzima akichuma chai. Hakutaka kuzika mbwa mwingine. Lakini pia hakutaka mbwa wa kuwafukuza watu kwenye maji aliyowaachia baba yake. Alitaka kitu ambacho hakuna mtu pale aliyewahi kukiona: mbwa asiyefungwa, asiyezungushiwa uzio, na asiyetoka. Na alipokuwa anawaza hivyo, mikono ikichuma yenyewe, wazo lilimjia kwa nguvu hata akaliacha kapu lake katikati ya mistari ya chai akateremka mbio nyumbani, watu wakidhani amepata habari za msiba.

Tusekile alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaingia ndani akatoka na kanga yake nyekundu iliyochakaa, akaanza kuichana vipande. Jioni ile walichomeka vijiti kuuzunguka uwanja wote, kila kijiti na kitambaa chake chekundu juu. Wakakubaliana neno moja tu la kutumia mpakani, nalo ni "Basi." Tusekile ndiye aliyesisitiza kwamba liwe moja, na kwamba wote wawili waliseme kwa namna ileile, siku ya hasira na siku ya furaha. Mbwa wakamwita Tulia, jina ambalo wakati huo lilikuwa ni dua zaidi kuliko sifa.

Kazi ikaanza. Kila asubuhi kabla ya kwenda shamba, na kila jioni kabla ya kula, Lutengano alimfunga Tulia kamba ndefu akazunguka naye mpakani. Wakikaribia kitambaa, alisimama akasema, "Basi," akageuka kuelekea nyumbani. Mbwa akigeuka naye, alipewa dagaa mkavu na kupapaswa kichwa. Asipogeuka, kamba ilimrudisha taratibu, na hakukuwa na dagaa. Hakumpiga hata mara moja. Alijua kwamba mbwa anayepigwa mpakani hujifunza kuogopa mkono, na mkono ukiondoka, woga nao huondoka.

Watu walicheka. Waliokwenda majini walisema Lutengano anapima kiwanja na mbwa ndiye mwanasheria wake. Gwamaka aliketi kwenye kizingiti chake akatazama tamasha lile bila kiingilio. Lutengano hakujali, kwa kuwa kila siku aliona kitu ambacho wao hawakukiona: sikio likisimama mapema kidogo, mguu ukisita, jicho likimtafuta yeye kabla ya kutazama barabara.

Ikafika asubuhi moja ya ukungu. Lutengano alikuwa ameiachia kamba iburute chini, yeye mwenyewe yuko mbali, karibu na jiko. Kuku wa jirani akakatiza uwanjani akaelekea barabarani. Tulia akamtimkia. Lutengano akafungua kinywa, na kabla neno halijatoka, mbwa alikifikia kijiti, akapiga breki hata akakaa kitako kwenye umande. Kuku akavuka. Tulia akageuza shingo akamtazama bwana wake, kama anayeuliza kama ndivyo au sivyo.

Lutengano alipiga kelele ambayo Tusekile hakuwa ameisikia tangu siku ya harusi yao. Akatoka jikoni mikono imejaa unga, akamkuta mumewe amembeba mbwa mabegani kama mwanakondoo, anazunguka naye uwanja mzima. Wakacheka wote wawili hadi wakaketi chini. Dagaa wote waliobaki kwenye mfuko Tulia alikula siku hiyo.

Tangu hapo mambo yalikwenda kwa kasi. Kamba ikatolewa. Vikaja vishawishi: mfupa uliotupwa ng'ambo ya vijiti, mbuzi waliopitishwa makusudi, Tusekile akikimbia barabarani huku anapiga vigelegele. Mara nyingine Tulia alishindwa, na kamba ikarudi kwa siku kadhaa bila ugomvi. Mara nyingi alishinda. Ndipo Lutengano akaanza kuondoa vitambaa, kimoja leo, kingine baadaye, kama fundi anavyobandua mbao kwenye zege lililokwisha kukauka. Ikafika siku uwanja haukuwa na kijiti hata kimoja, nyasi tupu na njia ya maji, na mbwa aliutambua ukingo wake kama mtu anavyolitambua jina lake.

Habari zikaenea. Watu waliweka ndoo chini ili watazame. Wengine walikuja kutoka vijiji vya juu. Na hapo ndipo furaha ya Lutengano ilipobadilika rangi bila mwenyewe kujua. Zamani alifurahi kwa sababu ya mbwa. Sasa alifurahi kwa sababu ya watazamaji.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na kibanda cha kupimia majani ya chai, na wakulima walikutana hapo kungoja lori. Siku moja ubishi ulizuka. Mmoja alisema mbwa yule hana utii wowote, anaogopa barabara tu. Lutengano alikuwa pale na kapu lake. Angeweza kunyamaza. Lakini alitaka waone kwamba Tulia anamtii yeye, na kwamba akisema neno lolote, hufanyika.

Akasimama ukingoni mwa barabara akamwita.

Tulia akaja mbio mpaka pale vijiti vilipokuwa. Akasimama. Akainua mguu mmoja, akaushusha, akalia kwa sauti nyembamba. Lutengano akamwita tena, safari hii kwa sauti tamu, mkono umeingia mfukoni kama mwenye dagaa. Mbwa akazunguka mara moja mahali pale, akainamisha kichwa, akavuka.

Lori likatokeza konani. Matairi yalilia, kokoto zikaruka, vumbi likafunika kila kitu, na harufu ya mpira ulioungua ikajaa hewani. Vumbi liliposhuka, Tulia alikuwa amelala kifudifudi miguuni pa Lutengano, mzima, akitetemeka, mkia umefichwa. Mtu mmoja alianza kupiga makofi, akaona hakuna anayemfuata, akaacha.

Tusekile alikuwa ameona yote kutoka jikoni. Akavuka barabara, akapiga magoti, akampapasa mbwa mbavu na miguu kutafuta jeraha. Kisha akamtazama mumewe. Wao walikuwa na binti aitwaye Lugano, aliyekwisha kuolewa, na kwa jina la binti huyo ndivyo alivyomwita mumewe mbele ya watu.

"Baba Lugano," alisema, wala hakupaza sauti, "tuliweka mpaka mimi na wewe. Leo umesimama nje yake ukamwita. Sasa mnyama huyu afuate nini, neno lako au sauti yako?"

Akambeba mbwa akarudi naye nyumbani. Lutengano alibaki kibandani na watu waliokuwa wanatazama viatu vyao.

Kilichovunjika siku ile hakikuonekana kwa macho, lakini kilivunjika kweli. Kesho yake dereva mmoja alimpigia mwenzake kelele barabarani, na Tulia akavuka. Keshokutwa mwanamke alimwita mwanawe, na Tulia akavuka. Sasa mpaka haukuwa mpaka tena; ulikuwa mahali pa kungoja hadi mtu aite. Lutengano aliinama akavichomeka vijiti upya, kimoja kimoja, mbele ya macho ya kijiji kizima, na vitambaa vyekundu vikapepea tena. Akaifungua kamba iliyokuwa imening'inia ukutani. Gwamaka akamtumia salamu kwamba mnyororo wa ziada upo.

Safari ya kwanza alimfundisha mbwa. Safari ya pili alijifundisha mwenyewe, nayo ilikuwa ngumu zaidi. Alijiwekea sheria kwamba hatamwita Tulia akiwa nje ya uwanja, liwe jua, iwe mvua. Akitaka kutoka naye, alirudi ndani, akamfunga kamba, akatoka naye kupitia mahali pamoja tu, kando ya jiwe la kunolea mapanga, na akarudi naye hapohapo. Mara ngapi alikuwa ng'ambo ya barabara, akaona mbwa anamtazama kwa hamu, ulimi ukamwasha, akaumeza! Wenzake kibandani walisema mbwa amemfunga bwana wake. Alikubali, akacheka pamoja nao, na safari hii kicheko hakikumwuma. Polepole lile jicho la zamani likarudi kwa Tulia, likimtafuta yeye kabla ya kutazama barabara. Vijiti vikang'oka tena, na mara hii aliving'oa bila mtazamaji yeyote.

Mahindi yalipokomaa, nguruwe pori walishuka kutoka msituni. Waliharibu mashamba ya chini hata watu wakakata shauri kuwasaka. Siku ya msako kijiji kiliamka na mabati yakigongwa, baragumu zikilia, mbwa wa kila nyumba wakiwa wamepagawa. Lutengano na Gwamaka walichukua mikuki yao wakashuka mabondeni na wenzao. Tusekile alikuwa amekwenda kijiji cha pili kwa Lugano, aliyekuwa amejifungua. Uwanjani alibaki mama yao wale ndugu, Bibi Subilaga, ambaye miguu yake ilikuwa haimbebi vizuri. Alikuwa ameketi kwenye mkeka, anapukuchua maharage, na Tulia amelala kando yake.

Dume kubwa la nguruwe likafumuka kutoka kwenye mahindi, mgongo umesimama manyoya, pembe za mdomoni nyeupe. Mbwa wote wakalifuata. Msako ukafagia kijiji kama upepo wa mvua, ukapanda hadi kando ya barabara, ng'ambo ya uwanja wa Lutengano. Huko juu chini ya mparachichi Askari alijitupa mbele mara moja, mara mbili, pete ya mnyororo ikafunguka, akapita kama risasi, kipande cha mnyororo kikigonga mawe nyuma yake. Hakutazama nyumba. Hakumtazama mtu.

Lutengano alikuwa anakimbia na wasakaji, mkuki mkononi, anapiga kelele kama wengine, damu inachemka. Ndipo akageuza macho, akamwona Tulia anashuka uwanjani mbio, masikio yamelala, akija moja kwa moja kwenye ile sauti. Sauti ile ilikuwa yake.

Akajiziba mdomo kwa kiganja. Mtu aliyekuwa kando yake akamwambia amwite, mbwa wanahitajika, wawili wamekwisha kujeruhiwa. Hakumwita. Wala hakusema "Basi," kwa maana hakuwa na haki ya kusema neno hilo akiwa upande ule. Alisimama tu, wenzake wakimpita kulia na kushoto, macho yake kwenye nyasi ambazo hazikuwa na kijiti, wala kitambaa, wala alama yoyote.

Tulia alifika hapo, akachimba ardhi kwa miguu yote minne, akasimama. Mwili wake wote ulitetemeka kama kamba ya ngoma iliyokazwa. Alilia, akarukaruka mahali palepale, akamtazama bwana wake, akautazama msako unaompita. Hakuvuka.

Lutengano alihisi machozi na kicheko vikipanda pamoja kooni, na hakujua ni kipi kitangulie. Hakupata nafasi ya kuchagua. Kule mbele nguruwe lilifika kwenye korongo, likakosa pa kupita, likageuka, likawatupa mbwa wawili huku na huku, likarudi kwa njia ya maji. Ile njia isiyozibwa, inayopitisha rafiki na adui, ikalileta mbio mpaka katikati ya uwanja.

Bibi Subilaga aliliona linakuja. Hakuweza hata kuinuka. Lutengano alivuka barabara akikimbia kama hajawahi kukimbia, akijua kwamba hatafika.

Lakini uwanja ule ulikuwa na mwenyewe. Tulia aligeuka, akaukata uwanja kwa pembe, akalivaa nguruwe ubavuni hatua chache kutoka kwenye mkeka. Likampasua bega. Hakuachia. Akazunguka nyuma, akaling'ata mguu, akaruka pembeni, akalibwekea usoni, na kila lilipomgeukia alikuwa amekwisha kusogea upande wa mbali na yule mama. Hivyo akalivuta, kidogo kidogo, kutoka kwenye mkeka, kutoka kwenye nyumba, mpaka likachoka naye likakimbilia barabarani. Tulia akalifukuza kwa nguvu zake zote hadi ukingoni mwa uwanja. Hapo, damu ikimtiririka begani, adui wake yuko mbele yake, akasimama.

Ng'ambo ya barabara, Gwamaka alikuwa anangoja. Mkuki wake ndio uliolimaliza nguruwe.

Watu walijaa uwanjani, wote wanaongea kwa wakati mmoja, wengine wanacheka bila sababu, wengine wanamshika Lutengano mkono kana kwamba amepata mtoto. Yeye alikuwa amepiga magoti, kichwa cha mbwa kimelala mapajani pake, anaosha jeraha kwa maji ambayo kila aliyekuwa na ndoo alimletea. Bibi Subilaga aliwaambia kwamba yeye ni mzima, ila waangalie wanapokanyaga, maana maharage yake yamemwagika kila mahali, na mwenye macho mazuri amsaidie kuokota.

Gwamaka hakuwa pale. Alikuwa amekwenda kumtafuta Askari. Alimwona kwenye kilima cha pili, amesimama peke yake kati ya mistari ya chai. Akamwita kwa jina. Askari akainua kichwa, akamtambua, akauona mnyororo mkononi mwake, akakimbia. Gwamaka akarudi jioni, akaketi kwenye mkeka wa mama yake, na hakuna aliyemcheka.

"Kaka," alisema, "aliponitambua ndipo akanikimbia."

Lutengano aliingia ndani akamletea dagaa kwenye bakuli. Asubuhi yake ndugu hao wawili walipanda kilimani pamoja, mikono mitupu, bakuli katikati yao, wakaketi chini mahali ambapo Askari angeweza kuwaona. Siku hiyo hakusogea. Siku zilizofuata alisogea kidogo. Ilimchukua Gwamaka muda mrefu zaidi kuliko alivyotegemea, lakini kila asubuhi alikwenda.

Basi ninyi mnaonisikiliza, wenye watoto, na wenye watu walio chini yenu, na wenye neno linalosikilizwa: ule mpaka mliowachorea wengine, ninyi wenyewe mnawaita mkiwa mmesimama upande gani?